Mtazamaji na Mwangalizi: Saa za Televisheni katika Rahaleo Mbili

Jina la Rahaleo lina mitaa miwili. Msomaji wa Unguja akilisikia, fikra humpeleka Ng'ambo, kwenye jengo la Raha Leo lililokuwa makao ya redio, ambamo Januari 1964 John Okello aliwatangazia watu kwamba serikali ya Sultani imepinduliwa. Msomaji wa kusini hupelekwa kwengine: kwenye kata ya Rahaleo ya mji wa Mtwara, bandari isiyo mbali na mahali ambapo mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini. Huko nako chombo cha habari kiliwahi kuigeuza siku ya watu, tarehe 22 Mei 2013, na safari hiyo redio haikuwa peke yake. Televisheni nayo ilikuwepo.

Jina lenyewe limebeba mjadala mzima. Raha, na leo. Anayeitetea televisheni husema kwamba mja aliyechoka ana haki ya raha yake, na raha isiyoonjwa leo haina hakika ya kesho. Anayeilaumu husema kwamba leo ikishapita hairudi, na aliyeitumia kwa kukodolea macho kioo ameinunua raha kwa umri. Mabishano haya husikika barazani Unguja na vijiweni Mtwara, na aghlabu huishia pale pale yalipoanzia, kwa sababu pande zote mbili huizungumza televisheni kana kwamba ni kitu kimoja, na mwenye kuitazama kana kwamba ni mtu mmoja.

Kiswahili kina njia ya kuwatenganisha. Lugha hii ina kutazama, na ina kuangalia. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana, lakini hayalingani uzito. Mama anayekwenda kisimani humwambia jirani amwangalie mtoto. Hamwambii amtazame tu. Anayekwenda hospitali kumwangalia mgonjwa huenda na uji, na huuliza mgonjwa amelalaje. Wanaosimamia haki ya kura huitwa waangalizi wa uchaguzi. Kutazama ni kazi ya macho. Kuangalia kuna dhamana ndani yake: anayeangalia anaweza kuulizwa baadaye alichokiona, na jambo likiharibika hana budi kusema. Swali la kwamba televisheni inapoteza wakati haliwezi kujibiwa kabla ya kuulizwa kwanza iwapo aliyekaa mbele yake alikuwa akitazama ama akiangalia.

Jamhuri ya Muungano ina historia ya peke yake katika jambo hili, kwani kwa takriban miaka 20 ilikuwa na majibu mawili kwa wakati mmoja. Zanzibar ilianzisha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na televisheni ya rangi. Tanzania Bara ilikataa. Chini ya Mwalimu Nyerere televisheni ilihesabiwa kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haina haja nayo, na kazi ya kuwafikia watu ikaachiwa redio. Kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka ilipofunguliwa televisheni ya visiwani alikuwa keshakuwa mtu mzima.

Nani alikuwa sahihi? Lau televisheni ingekuwa ni mwizi wa wakati kwa dhati yake, Bara ingeibuka katika miaka hiyo na hazina ya saa ambazo Visiwani walizipoteza, na hazina hiyo haionekani popote. Lau ingekuwa ni mwanga kwa dhati yake, Visiwani wangetangulia mbali kwa maarifa, na hilo nalo hakuna alithibitishaye. Tafauti iliyokuwepo ilihusu namna ya kukaa. Seti zilikuwa chache, na watu walikusanyika penye seti. Tamthilia ya jioni ilikuwa na watazamaji wengi na wahakiki wengi vile vile: huyu akimlaumu mume wa kwenye mchezo, yule akimtetea, na asubuhi kesi ikiendelea sokoni. Bara nako redio ilisikilizwa kwa namna iyo hiyo. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umaarufu na kuzichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilifaa kwa redio na kwa jukwaa kwa sababu umbo lake ni la watu kujibizana: mmoja anauliza kwa ubeti, mwenziwe anajibu kwa ubeti.

Hapa ndipo mpenzi wa ushairi ana la kusema ambalo mhasibu wa saa hana. Mhasibu atapiga hesabu, na hesabu yake ni ya kweli: anayekaa mbele ya televisheni saa 3 kila usiku hutoa saa 1,095 kwa mwaka, ambazo ni siku 45 na ushei, mchana na usiku, bila ya kulala. Hesabu hiyo inatisha. Lakini anayekaa barazani saa 3 kila jioni naye hutoa siku 45, na hakuna anayemhesabia. Idadi ya saa peke yake haihukumu kitu. Kinachohukumu ni umbo la kile kinachozijaza saa hizo.

Shairi la kimapokeo lina beti, na ubeti una kituo. Msikilizaji anajua pahala pa kupumua, pahala pa kuitikia, na pahala pa kutoa jibu. Mshairi anayetupa fumbo hulitupa akijua litaokotwa. Tangu enzi za malenga wa Mombasa na Lamu hadi kurasa za mashairi katika magazeti, shairi moja lilizaa la pili la kulijibu na la tatu la kuyapatanisha. Televisheni haina kituo. Mhakiki wa Wales, Raymond Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya televisheni, aliliona jambo hili mapema: alisema kwamba kinachorushwa si vipindi vinavyofuatana, ni mtiririko mmoja, ambamo taarifa ya habari, tangazo la sabuni na tamthilia vinaungana hata mtu hajui kimoja kimekwisha wapi na cha pili kimeanza wapi. Mtiririko huo umetengenezwa ili mtu asiinuke. Na mtu asiyeinuka hajibu.

Huu ndio ubaya wa televisheni wenye haki ya kulaumiwa, na ni ubaya wa umbo. Lawama nyengine nyingi ni za husuda. Anayesema kwamba tamthilia za kigeni ni upuuzi huwa mara nyingi ana raha zake nyengine, vitabu, safari, mikutano, na huwahukumu wasiokuwa nazo. Mwanamke wa Mtwara aliyeshinda akibangua korosho, vidole vyake vikiwa vimekaushwa na utomvu wa maganda, akikaa usiku kumtazama mke wa kwenye mchezo anavyosalitiwa, hajamwibia mtu kitu. Pengine kesho yake, katika ubanguzi, atalizungumza jambo la ndoa ambalo hangelithubutu kulitaja lau si la mtu wa kwenye kioo. Hapo keshakuwa mwangalizi, na saa yake imelipwa.

Kwamba mazungumzo ndiyo yanayolipa si dhana tupu. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye mhusika aitwaye Mkwaju, dereva wa lori anayeishi ovyo na kuvuna alichopanda. Kwa miaka 2 ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na mtambo wa Dodoma, na watafiti wakapata nafasi adimu ya kulinganisha mahali uliposikika na mahali usiposikika. Waliona kwamba penye mchezo matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Waliona pia kwamba athari haikupita moja kwa moja kutoka redioni kwenda kwa msikilizaji. Ilipita katika maneno baina ya mke na mume, na baina ya marafiki. Mchezo ulitoa mada, watu wakaifanyia kazi. Ilikuwa redio, lakini sheria ni ile ile kwa televisheni: kipindi kinachokufa seti inapozimwa kimepoteza wakati, na kinachoendelea kuishi midomoni hakikuupoteza.

Mfano wa pili umo katika mabanda umiza, vyumba vya mabati na makuti ambamo vijana hulipa kiasi kidogo kuona filamu na mpira. Jina lenyewe linakiri taabu: mbao ngumu, joto, msongamano. Wazee na walimu wameyalaani mabanda haya kwa miaka mingi, na mengine yamestahiki laana kwa kuwapokea watoto saa za shule. Lakini humo ndimo ulimoota usanii ambao wapenzi wa fasihi wameupuuza. Filamu za Hong Kong, India na Marekani zilifika kwa lugha ambazo hadhira haikuzijua, na akatokea mtu wa kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Dar es Salaam aliyevuma zaidi alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa aina yake hakuwa mkalimani wa kunukuu. Aliwapa wahusika tabia za mitaani, akaweka methali, akamkemea muuaji, akaeleza desturi za wageni kwa mifano ya nyumbani. Jamaa zake wa Uganda na Kenya walifanya hivyo hivyo. Mtiririko wa picha, ambao hauna kituo, ulikatwa kwa sauti ya mtu na kutiwa vituo. Hadhira ilicheka, ikabisha, ikaitikia. Wamakonde wa pande mbili za Ruvuma wanalijua jambo hili kwa njia yao: katika ngoma ya mapiko mchezaji aliyevaa kinyago huigiza watu na mambo ya wakati, na waliomzunguka hawakai kimya. Banda umiza lenye msimulizi lilikuwa karibu zaidi na uwanja wa ngoma kuliko sebule yenye kiti cha kifahari na mtu mmoja.

Mifano hii yote ni ya raha. Mtwara inao mfano mwengine ambao haukuwa wa raha hata kidogo, na unaolipima suala hili hadi ukingoni.

Mtwara ni mji uliozoea kuahidiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpango wa Waingereza wa kulima karanga uliupa bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukaanguka, na reli ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Mji ulibaki na kata inayoitwa Reli. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika yaliweza kuukata kusini na nchi nyengine. Kisha ikaja gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuwasha taa za Mtwara mnamo miaka ya 2006 na 2007. Serikali ilipoamua kuijengea gesi hiyo bomba la zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana Disemba 2012. Walitaka viwanda na mitambo ijengwe kwao. Waliogopa kuwa na kata ya pili yenye jina la kitu kisichokuwepo.

Tarehe 22 Mei 2013 hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa Bungeni Dodoma na waziri Sospeter Muhongo. Vipeperushi vilikuwa vimezagaa Mtwara vikiwataka watu waache shughuli na kuifuatilia hotuba hiyo redioni na kwenye televisheni. Hebu msomaji aifikirie asubuhi hiyo. Watu walikwishaacha kazi zao kwa ajili ya kumsikiliza waziri akisoma tarakimu. Hakuna kipindi kikavu kuliko hotuba ya bajeti, wala hakuna mtu aliyekisikiliza kwa ajili ya raha. Na umeme uliowasha seti za mji huo ulitokana na gesi ile ile iliyokuwa ikizungumzwa. Ikiwa kuangalia kuna maana ya kuwa na dhamana juu ya kinachoonekana, basi hapo watu wa mji walikuwa waangalizi. Anayesema kwamba televisheni ni kazi ya wavivu hana la kuwaambia watu wale.

Hotuba ilithibitisha kwamba bomba litajengwa. Kilichofuata kinajulikana. Majengo yalichomwa moto, na miongoni mwake nyumba ya mwandishi wa televisheni ya taifa, askari waliletwa, watu walipoteza maisha. Hakuna uhakiki wa haki unaoweza kuupamba moto ule. Mwandishi aliyechomewa nyumba hakuisoma bajeti wala hakuipitisha. Lakini moto huo unasema jambo juu ya chombo chenyewe. Katika malumbano ya kishairi aliyeguswa hujua pa kupeleka jibu lake: kuna mhariri, kuna ukurasa, kuna wiki ijayo. Televisheni iliwafikishia watu wa Mtwara uamuzi wa maisha yao kwa uwazi ambao babu zao hawakuwahi kuupata, na haikuwapa ubeti wa kujibia. Waliangalia kwa ukamilifu wote, kisha mtiririko ukaendelea na mambo mengine. Saa zile hazikupotezwa na walioangalia. Zilipotezwa na waliowasemesha bila ya kuwasikiliza.

Haikupita miaka mitatu swali la wakati likaulizwa na serikali yenyewe. Januari 2016 waziri aliyehusika na habari, Nape Nnauye, aliliarifu Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja. Hoja zilikuwa mbili: gharama, iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na wakati, kwa kuwa vikao hufanyika saa za kazi. Badala yake kikaletwa kipindi cha usiku kilichohaririwa, Leo Katika Bunge. Wabunge wa upinzani walipinga hadi polisi wakaingia ukumbini.

Hoja ya saa za kazi ina ukweli wake, na asiyeukubali hana insafu. Mtumishi anayekaa mbele ya televisheni ilhali mwananchi amesimama dirishani akingoja karatasi yake anaiba, hata kama anachokitazama ni Bunge. Ila muhtasari wa usiku ni kitu chengine kabisa. Kumpa mtu saa moja iliyochaguliwa na mwengine kutoka katika siku nzima ya mabishano ni kama kumpa kibwagizo cha shairi na kumnyima beti: atakijua cha kuitikia, hatajua hoja ilijengwaje wala nani aliiyumbisha. Mtazamaji aliachiwa kiti chake. Mwangalizi ndiye aliyeondolewa. Na ikumbukwe kwamba tamthilia na mpira, vyenye saa nyingi kuliko Bunge, havikuguswa na hesabu hiyo ya wakati. Mtawala anapoanza kuwahurumia watu kwa saa wanazozipoteza, ni vyema kuuliza ni saa zipi hasa anazozionea huruma.

Siku hizi picha nyingi zimehamia kwenye simu, na wako wanaosema kwamba hapo tatizo la jibu limetatuliwa, kwani kila mtu anaweza kuandika chini ya picha. Ni kweli kwamba sauti zimeongezeka. Lakini kujibizana kunataka mtu wa pili asubiri, asikie, kisha arudi kwa vina alivyopewa ama kwa hoja aliyopewa. Maneno elfu yanayorushwa kwa pamoja chini ya picha moja hayasubiriani. Ni mtiririko mwengine, wa maandishi, nao umetengenezwa na watu wale wale wasiotaka mtu ainuke.

Lawama hii iwarudie na washairi. Ushairi haujakosa nafasi katika televisheni, ya Visiwani na ya Bara. Umeikubali nafasi duni. Mara nyingi huonekana katika sherehe, kijana akisimama na karatasi kumsomea mgeni rasmi beti za kumkaribisha na kumshukuru, kamera ikimgeukia mgeni kuona kama ametabasamu. Hilo ni pambo. Sanaa iliyokuwa na uwezo wa kumjibu liwali imegeuka zulia la kupitia mkubwa, na wanaoutazama ushairi wa namna hiyo wanapoteza wakati kuliko wanaotazama mpira, maana mpira una pande mbili na matokeo hayajulikani.

Kuna linalowezekana. Malenga wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa Mtwara, wakipewa nusu saa kwa wiki kulumbana juu ya gesi, ama karafuu na korosho, ama bei ya samaki, na watu wa Rahaleo zote mbili wakipeleka beti zao zisomwe wiki inayofuata, televisheni itakuwa imepata kituo ambacho umbo lake halikuwa nacho. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tamthilia ya kununua. Kinachohitajika zaidi ni ujasiri wa kuruhusu ubeti wa kujibu usiojulikana utasema nini.

Mpaka hapo, kila nyumba inaweza kujiwekea mizani yake. Seti ikishazimwa, kuna lililobaki la kuzungumzwa? Yuko wa kulizungumza naye? Na likiwa ni jambo la umma, kuna pahala pa kulipeleka? Anayepata jibu la ndiyo kwa la kwanza na la pili hakupoteza saa zake, hata kama alikuwa akitazama masumbwi ya Hong Kong katika banda la mabati. Swali la tatu halimhusu peke yake. Watu wa Mtwara walilijibu la kwanza na la pili asubuhi moja ya Mei, na la tatu likawakalia kooni.